Fizikia Nyumbani: Kabla ya Kununua Kitabu, Uliza Mtihani Utafanyiwa Wapi

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi wa Landless, Thika, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani)



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Wazee wetu, akina mama, ndugu na dada zangu katika imani. Nimepewa muda mfupi kabla ya futari, na najua mwenye kufunga hapendi hotuba ndefu saa kama hii. Kwa hivyo naingia kwenye mada moja kwa moja. Mada yetu ni somo la fizikia kwa mtoto anayesomea nyumbani: achague kozi gani, na atumie vitabu na vifaa gani.

Huenda mtu akauliza, kwani hapa Landless ni watoto wangapi wanaosomea nyumbani? Tuangalie vizuri. Kuna kijana aliyetoka shule akaenda kuhifadhi Qur'ani. Baada ya miaka mitatu amerudi hafidhi, mashaAllah, lakini wenzake wako mbele na yeye anaona haya kukaa darasa moja na wadogo zake. Kuna binti aliyekatiza masomo kwa sababu ya karo, au kwa sababu mama alikuwa mgonjwa. Kuna kaka aliyefanya KCSE, akaanguka fizikia, na sasa yuko kwenye kazi ya mjengo akitamani kurudia. Na kuna mzazi aliyeamua tu kwamba wanawe atawafundisha yeye. Hao wote ni wanafunzi wa nyumbani, hata kama hatujazoea kuwaita hivyo.

Na hao wote, wakifika kwenye fizikia, huambiwa neno moja: "Wacha hiyo, haina maana bila maabara. Chukua masomo ya kusoma tu." Neno hili nataka tulijadili leo, maana limewafungia vijana wetu milango mingi.

Ni mlango gani unaofungwa?

Tukipanda matatu hapa, tunafika Juja kwa muda mfupi tu, na pale pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, ambacho kinajulikana nchi nzima kwa uhandisi. Kijana anayetaka uhandisi wa umeme, wa mitambo au wa ujenzi ataulizwa hisabati, fizikia na kemia. Hata akiwa na alama A katika masomo mengine yote, bila fizikia fomu yake haiendi mbali. Vyuo vya ufundi pia, kwa kozi nyingi za umeme na elektroniki, huiangalia fizikia.

Sasa tazama lile shauri la kuiacha kwa sababu ya mtihani wa vitendo. Katika KCSE mtahiniwa kwa kawaida hutakiwa awe na masomo ya sayansi yasiyopungua mawili. Akiikimbia fizikia atachukua biolojia na kemia. Je, biolojia haina karatasi ya vitendo? Inayo. Kemia je? Inayo, tena yenye asidi na vyupa vya kioo ambavyo huwezi kuvipata jikoni. Basi aliyeikimbia fizikia kwa kuogopa maabara hakuiepuka maabara. Ameacha somo ambalo, kati ya hayo matatu, ndilo rahisi zaidi kufanyia majaribio nyumbani kwa vitu vya bei ndogo.

Tuanze na sheria

Kabla sijaingia kwenye vitabu, wazazi wangu, tusiifiche sheria. Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Kwa hivyo mtoto ambaye bado ni wa umri wa shule asifichwe ndani ya nyumba. Nenda katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, eleza hali yako na uulize utaratibu. Kijana aliyevuka miaka 18 yeye ana nafasi zaidi, na ataingia kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Mwenye mtoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9 awe makini zaidi. Katika mfumo mpya, matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9 hayatoki kwenye mtihani mmoja. Mtihani wa KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, hubeba asilimia 60. Asilimia 20 hutoka kwa mtihani wa Gredi ya 6, na asilimia 20 kwa tathmini zinazofanyiwa shuleni. Mtoto asiyesajiliwa katika shule yoyote hana pa kufanyia tathmini hizo. Basi hata ukimfundisha vizuri nyumbani, uhusiano na shule iliyosajiliwa unahitajika. Na akitaka fizikia katika Gredi ya 10 atachagua mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Swali la kwanza ni la mahali

Wazazi wengi huanza na kitabu. Anaingia duka la vitabu mjini, anauliza, "Kitabu kizuri cha fizikia ni kipi?" Anauziwa, anarudi nyumbani amefurahi. Mwaka unapita, na wakati wa kusajili ndipo anagundua kwamba mtihani alioutaka una sehemu ya maabara, na hajui mtoto ataifanyia wapi.

Nasema tugeuze mpangilio. Swali la kwanza liwe: mtihani wa mwisho ni upi, na sehemu ya vitendo itafanyiwa wapi? Ukishajibu hilo, kozi imejichagua yenyewe, na kitabu kitafuata. Kwa mwanafunzi wa nyumbani hapa Kenya njia zinazojulikana ni hizi.

*Njia ya kwanza ni KCSE.* Fizikia ya KCSE ina karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili ni za nadharia, saa mbili kila moja, alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya vitendo, saa mbili na nusu, alama 40. Hii ya tatu mwanafunzi huifanya kwa mikono yake: anaunganisha saketi, anapima, anajaza jedwali, anachora grafu na kutafuta mteremko wake. Haina mbadala wa kuandika. Kwa hivyo usidhani kila kituo cha watahiniwa wa kibinafsi kitampokea mtu wa fizikia. Nenda mwenyewe, uliza kama wana maabara, na kama mwanafunzi ataruhusiwa kufanya mazoezi hapo kabla ya siku ya mtihani. Kuna na jambo la miaka: darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027. Mwenye nia ya kuufanya mtihani huu asiahirishe.

*Njia ya pili ni IGCSE ya Cambridge.* Fizikia yake ina namba 0625. Mwanafunzi hufanya karatasi ya kuchagua majibu, karatasi ya nadharia, kisha karatasi ya tatu inayohusu vitendo. Hapa ndipo pana nafuu. Karatasi hiyo ya tatu ina sura mbili. Karatasi ya 5 hufanyiwa maabara. Karatasi ya 6 ni ya kuandika tu: unaoneshwa picha ya kifaa, unasoma kipimo, unachora grafu, unaeleza jaribio lingefanywaje. Zote zina alama 40, na cheti ni kilekile. Mwanafunzi wa nyumbani huchukua hiyo ya 6.

*Njia ya tatu ni International GCSE ya Pearson Edexcel.* Fizikia yake ni 4PH1. Hii haina karatasi ya vitendo peke yake. Ni karatasi mbili, ya saa mbili na ya saa moja na robo, na maswali ya majaribio yamechanganywa humo ndani.

Mitihani hii miwili ya Uingereza hulipiwa kwa kila somo, na bei yake si ya mchezo. Watahiniwa wa kibinafsi husajiliwa kupitia vituo kama British Council jijini Nairobi. Familia ihesabu gharama yote mapema, pamoja na nauli na ada za masomo mengine, wasije wakakwama katikati.

Na mtazame hatua ya mbele pia. Kijana akimaliza IGCSE akataka A Level, asifikiri mambo yanabaki vilevile. Fizikia ya A Level ya Cambridge, 9702, ina mtihani wa maabara usio na mbadala. Ile ya kimataifa ya Edexcel hupima ujuzi wa vitendo kwa karatasi za kuandika. Wako waliopita vizuri hatua ya kwanza bila maabara, wakagonga ukuta katika hatua ya pili kwa kutojua jambo hili dogo. Wewe unayesikia leo, lijue.

Vitabu na vifaa: vichache, lakini vya kumaliza

Sasa tunaweza kuzungumza juu ya vitabu. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Siku hizi mtu hashiki mbili, anashika ishirini. Simu imejaa video, mafaili na makundi ya kutumiana maswali, lakini hakuna mada hata moja iliyokamilika. Mwanafunzi wa nyumbani anahitaji vitu vinne tu.

Cha kwanza ni silabasi ya mtihani wake, ya mwaka wake. Za Cambridge na Pearson hupatikana bure kwenye tovuti zao. Ya Kenya hutolewa na taasisi ya KICD. Ipigishe chapa saiba, ibandike ukutani, na kila mada ikiisha iwekewe alama.

Cha pili ni kitabu kimoja cha msingi kinacholingana na silabasi hiyo. Kwa KCSE vitabu vya Secondary Physics vya KLB, kidato cha 1 hadi cha 4, vinajulikana na hupatikana hata vikiwa vimetumika. Kitabu chochote unachopewa kiulize maswali matatu. Je, kimeandikwa kwa mtihani huu? Je, kina majibu ya mazoezi, ili anayesoma peke yake ajisahihishe? Je, kinaeleza majaribio, au ni muhtasari wa kukariri tu? Vile vijitabu vyembamba vya marudio vina wakati wake, nao ni mwishoni. Aliyeanza navyo hujua fomula nyingi na haelewi hata moja.

Cha tatu ni karatasi za mitihani iliyopita pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Hapa ndipo mwanafunzi anajifunza kwamba alama hutolewa kwa jedwali lenye vipimo sahihi, kwa jina la mhimili wa grafu, kwa kuandika kizio kando ya jibu.

Cha nne ni mtu. Awe mwalimu wa shule jirani, awe mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizo, mtu wa kuulizwa mara moja kwa wiki. Kitabu hakijui umekwama wapi.

Baada ya hivyo vinne, intaneti ni msaidizi mzuri. Khan Academy ina masomo ya video ya bure. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, hutoa vitabu kamili vya fizikia bila malipo. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001, ina majaribio ya kwenye skrini ya umeme, mawimbi na mwendo, na kadhaa yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kama bando ni shida, pakua mahali penye intaneti, kisha tumia nyumbani bila mtandao. Ila mtoto asitazame video kama anavyotazama mpira. Awe na kalamu, asimamishe, ahesabu mwenyewe kwanza, kisha aone mwalimu amefanyaje.

Maabara ya jikoni

Msiseme hatuna maabara. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufariki Misri karibu mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir, vitabu saba juu ya mwanga na kuona. Moja ya majaribio yake lilitaka taa kadhaa, tundu dogo na chumba chenye giza. Kila taa ilitoa doa lake ukutani. Ukiziba taa moja, doa lake peke yake linapotea, na mengine yanabaki. Akaonesha kwamba miali ya mwanga hupita tundu lilelile bila kuchanganyikana. Hilo utalifanya usiku huu baada ya tarawehe kwa mishumaa mitatu na kadibodi iliyotobolewa. Mkubwa awepo, kwa sababu ya moto.

Hebu niwape mengine matatu.

Funga nati nzito kwenye uzi wa mita 1, ining'inize, isukume kidogo, uhesabu mibembeo 20 ya kwenda na kurudi. Utapata karibu sekunde 40. Fupisha uzi hadi sentimita 25. Watoto wengi watabashiri sekunde 10. Utapata karibu 20. Kwa nini? Tumia urefu tano tofauti, chora grafu ya muda wa mbembeo mmoja, ukiuzidisha kwa wenyewe, dhidi ya urefu, na kutokana na mteremko wake utaweza kukokotoa nguvu ya mvutano wa dunia, karibu 9.8. Zoezi la namna hii ndilo linalopimwa katika karatasi ya tatu ya KCSE, na limegharimu uzi na nati.

La pili. Kitabu kitakuambia maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Tia kipimajoto cha maabara kwenye sufuria hapa Thika uone. Itakuwa karibu 95. Kitabu hakikusema uongo, ila kinazungumzia usawa wa bahari, na sisi tuko karibu mita 1,500 juu yake. Hewa inayotukandamiza ni nyepesi, basi maji huchemka mapema. Ndiyo maana maharagwe ya huku huchelewa kuiva kuliko ya Mombasa. Mtoto akilielewa hilo jikoni kwa mama, mada ya kanieneo hataisahau.

La tatu. Nunua maltimita ndogo kwa wauzaji wa vifaa vya stima. Bei yake ni ya mamia ya shilingi, si ya maelfu. Omba kipande cha koili ya jiko la umeme lililoharibika, kinyooshe, upime ukinzani wake kwa sentimita 20, 40, 60 na 80. Chora grafu. Tumia betri za tochi tu. Stima ya ukutani ni volti 240, inaua, na mtoto asiiguse kwa jina la majaribio.

Na mwenye simu ya kisasa ana vifaa ambavyo shule nyingi hazina. Programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, huifanya simu ipime mwendo na sauti.

Kabla ya yote, hisabati

Mzazi, ufanye mtihani mdogo leo. Mwambie mtoto: volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. Nipe ukinzani. Akikwama hapo, shida yake si fizikia. Msimamishe, mrudishe kwenye aljebra na grafu kwa miezi miwili, kisha aendelee. Miezi hiyo miwili haipotei. Kinachopotea ni mwaka mzima wa kunakili fomula asizoweza kuzigeuza.

Sisi kama jamii

Ndugu zangu, mtu mmoja peke yake hawezi kununua kila kitu, lakini mtaa unaweza. Napendekeza mambo matatu kwa jumuiya hii ya vijana. Tuwe na sanduku moja la fizikia: maltimita mbili, lenzi mbili, vipimajoto, springi, vernia, rula za mita. Lizunguke nyumba kwa nyumba na liandikwe kwenye daftari liko kwa nani. Pili, wazee wetu wenye sauti waende kwa shule iliyo karibu yenye maabara, waombe Jumamosi chache kwa makubaliano na malipo ya haki. Mwanafunzi wa KCSE asiiguse amita kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Tatu, vijana wetu walio chuoni watoe saa moja kwa wiki wakati wa likizo. Kuna zaka ya mali, na elimu nayo ina haki yake.

Na mabinti tusiwasahau. Binti aliyebaki nyumbani kulea wadogo zake ana jiko, ana maji, ana uzi na ana akili. Tusimchagulie masomo mepesi kwa sababu tu yuko nyumbani. Tumuulize anataka kuwa nani, kisha tumwoneshe njia.

Baada ya Idi, kila mzazi mwenye mwanafunzi wa nyumbani afanye kazi moja tu kwanza: aandike kwenye karatasi jina la mtihani, mwaka wake, na mahali ambapo vitendo vitafanyiwa. Asiyeweza kuijaza karatasi hiyo asinunue kitabu bado. Aje tuulizane.

Tunamuomba Allah atukubalie saumu zetu, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awafungulie yaliyofungwa, na awalipe wema wale wote wanaowafundisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.